Picha Kumi Hazifiki Gramu Hamsini. Mbona Unalipisha Kama Gunia?

Wasee, leo sina utani mwingi. Nimekasirika, na nitaandika nikiwa hivyo hivyo.

Wiki iliyopita dada mmoja wa Chwele alinitumia mazungumzo yake na mpiga picha wa hapa Kitale. Alikuwa ameagiza picha kumi za ubatizo wa mtoto wake, saizi ya kawaida, ile ya inchi nne kwa sita. Picha zote pamoja, shilingi 300. Kumfikishia, shilingi 450. Akauliza mbona usafiri unashinda picha zenyewe. Akajibiwa, "Hiyo ni bei ya kifurushi, si mimi." Dada akaandika maneno mawili: "Wacha tu."

Hiyo "wacha tu" ndiyo imenileta hapa. Kila mtu anayeuza picha kati ya Kitale na Bungoma ameipokea, na karibu kila mtu akishaipokea anakimbilia kulaumu. Ati wateja wa huku hawana doo. Ati watu hawathamini sanaa. Ati sako za matatu ni wezi na Posta ilikufa kitambo. Mimi nasema shida kubwa ni sisi wenyewe. Sisi wenye kamera, sisi wenye printa, sisi wenye kurasa za "weka oda yako leo". Tumekataa kufikiria kuhusu bahasha, halafu tunamtumia mteja bili ya uvivu wetu.

Kwa wageni hapa: niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Nilirudi nyumbani na kamera ya mkopo, na tangu hapo napiga picha, naprinti na kutuma. Wiki naishi Kitale, wikendi niko Bungoma kwa mama. Sina digrii ya biashara. Nina mizani ya jikoni, na leo itatosha.

HESABU YA JIKONI

Mama ana mizani ndogo ya kupimia unga wa keki. Nikaweka picha moja ya nne kwa sita juu yake, karatasi nzito ile nzuri. Gramu 4. Nikaweka kumi. Gramu 40. Nikaongeza vipande viwili vya kadibodi, karatasi ya kufungia na bahasha ya kaki. Jumla gramu 80.

Sasa fikiria vitu vingine unavyobeba kila siku. Pakiti ya nusu lita ya maziwa inashinda hiyo bahasha zaidi ya mara sita. Pakiti moja ya unga ya kilo 2 ni sawa na bahasha 25 za namna hiyo. Na unene? Picha kumi zikipangwa moja juu ya nyingine hazifiki milimita 3. Zinaingia kwenye mfuko wa koti.

Basi hiyo 450 ilitoka wapi? Nilimuuliza yule mpiga picha, kwa heshima, na akanionyesha picha ya mzigo wenyewe. Boksi. Manze, boksi la sentimita 30 kwa 25 kwa 10, ndani kuna karatasi nyembamba za rangi zilizokunjwakunjwa, utepe wa dhahabu, stika tatu, kadi ya "asante kwa kuamini ndoto yangu", na mahali fulani huko chini, picha kumi. Nikapiga hesabu. Boksi hilo lina ujazo wa sentimita mchemraba 7,500. Picha kumi zinachukua kama 40. Zaidi ya asilimia 99 ya alichotuma ni hewa na mapambo.

Makanga hana mizani. Anaangalia mzigo kwa macho na kujiuliza swali moja tu: hii itakaa wapi? Boksi linakaa kwenye buti, linakula nafasi ya gunia la viazi ambalo mwenyewe angelipa. Bahasha bapa inaingia nyuma ya kiti cha dereva na hakuna mtu anaikumbuka mpaka Bungoma. Makanga akikulipisha boksi bei ya boksi, amekosea wapi?

KWANI UNAUZA UTEPE?

Najua hii tabia imetoka wapi, kwa sababu hata mimi nilikuwa nayo. Tunaangalia video za Marekani na Uingereza, mtu anafungua boksi polepole, muziki laini nyuma, kila safu ni mshangao. Tunasema hiyo ndiyo biashara ya maana. Tunasahau kwamba huyo wa kwenye video ana posta inayoleta mzigo mpaka mlangoni, na mteja wake ameshalipa bei iliyobeba hayo maboksi yote.

Mteja wetu anachukua mzigo steji, mvua ikinyesha, mtoto mgongoni, na boda amewasha pikipiki tayari. Hatafungua polepole na hana mtu wa kumrekodi. Anataka vitu vitatu: picha isiwe imekunjika, isiwe imelowa, na isimgharimu nauli ya mtu mzima.

Kama unaamini kuna wateja wa boksi na utepe, sawa, wapo. Wauzie boksi kama bidhaa yake, na bei yake pembeni. Anayetaka zawadi ya harusi atalilipia kwa roho safi. Lakini usimlazimishe mama wa ubatizo kununua utepe ambao hakuuomba, halafu uuite "bei ya kifurushi".

KOSA LANGU

Sasa wacha niseme langu, kwa sababu sitaki mseme nahubiri nikiwa juu ya mti.

Mwaka jana, msimu wa mvua, mama mmoja wa upande wa Kimilili alinipigia simu. Mzee wake alikuwa amefariki. Walikuwa na picha moja tu nzuri ya marehemu, ilipigwa kwa simu kwenye harusi ya jirani. Alitaka iprintiwe saizi kubwa, A3, iwekwe kando ya jeneza. Mazishi Jumamosi. Nilimwita Mayi, kama tunavyowaita kina mama wa rika lake huku kwetu, nikamwambia, "Mayi, usijali, hiyo niachie mimi."

Niliprinti Alhamisi usiku. Wino haukuwa umekauka vizuri, nilikuwa na haraka. Nikaikunja kama mkeka, nikaiingiza kwenye juala la nailoni, nikafunga na mpira katikati, nikapeleka steji Ijumaa asubuhi. Mvua ikapiga njiani. Sijui mzigo ulikaa wapi kwenye hiyo gari, labda chini ya gunia, labda kwenye buti lenye maji. Ulifika jioni. Mayi alipoifungua, upande mmoja wa uso wa mzee ulikuwa umegandana na mgongo wa karatasi. Pale mpira ulipobana palikuwa na mkunjo unapita kwenye macho.

Walizika Jumamosi na picha ndogo ya pasipoti waliyobandika kwenye kipande cha boksi.

Nilimrudishia pesa yake yote. Hakunitusi. Aliniambia, "Asante kwa kujaribu, mwanangu." Wasee, ningependa angenitusi.

Kwa karibu mwezi mzima nilikuwa naeleza watu kwamba makanga ndiye aliharibu. Ukweli ni kwamba hata kama ile gari ingekuwa na kiti maalum cha picha, ile kazi ilikuwa imeshaharibika kabla haijafika steji. Wino mbichi ndani ya nailoni lazima ugandane. Karatasi iliyobanwa na mpira lazima ikunjike. Nilituma kosa langu kwa matatu, na likafika salama.

JINSI YA KUFUNGA, BURE KABISA

Haya yafuatayo nimeyajaribu mimi mwenyewe tangu siku hiyo. Hakuna siri hapa na siuzi kozi.

Kwanza, acha picha ikauke. Printa ya wino, hii tuliyo nayo wengi, inaonekana imekauka kwa dakika tano, lakini bado inatoa unyevu. Iache usiku mzima mahali pakavu, na kama una siku nzima, bora zaidi. Mteja akisema ana haraka, mwambie ukweli huo. Afadhali akasirike leo kuliko alie Jumamosi.

Pili, picha zisitazamane uso kwa uso. Weka karatasi nyeupe safi katikati, au zote zitazame upande mmoja.

Tatu, kadibodi mbili, na hapa ndipo wengi wanakosea. Angalia kadibodi ya katoni kwa pembeni, utaona mawimbi ndani yake. Inakunjika rahisi ukifuata mawimbi na inakataa ukienda kinyume. Kwa hivyo kipande cha mbele kata mawimbi yakiwa wima, cha nyuma yakiwa yamelala. Zikikaa pamoja, bahasha inakataa kukunjwa pande zote mbili. Kata kubwa kuliko picha kwa sentimita moja au mbili kila upande, ili kona zikigongwa, iumie kadibodi na picha ibaki salama.

Nne, usibandike selotepu kwenye picha. Kunja pembetatu ndogo nne za karatasi, zishike kona za picha, halafu gundisha hizo pembetatu kwenye kadibodi. Mteja anatoa picha yake bila kuchubua chochote.

Tano, picha kubwa ya A3 kwenda juu, usikunje mkononi kama nilivyofanya. Nenda kwa wauza vitambaa mjini, waombe ile mirija minene ya kadibodi ambayo kitambaa kinazungushiwa. Wengi wanaitupa. Kata urefu unaotaka, zungusha picha kwa ulegevu ndani ya karatasi safi, ziba ncha zote mbili. Na kama ni A4, tuma bapa. A4 moja ya karatasi nzito ni gramu 16 hivi, haina haja ya kuzungushwa.

Kadibodi natoa wapi? Supamaketi na maduka ya jumla. Katoni za biskuti na za mafuta ya kupikia, mradi ziwe kavu na zisiwe na mafuta. Bahasha ya kaki ununue, hiyo usitafute njia ya mkato.

Sasa suala la nailoni. Najua kuna mtu anasema, "Weka tu kwenye juala, mvua haitaingia." Buda, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 28 Agosti 2017, ile ya kubebea na ile bapa ya kufungia bidhaa dukani na nyumbani. Sheria inasema faini ya kati ya milioni 2 na milioni 4, au jela hadi miaka minne. Kwa picha za shilingi 300! Kuzuia mvua, funga bahasha ndani ya karatasi nzito ya kaki tabaka mbili, mikunjo iangalie chini, ziba kila ufa kwa selotepu pana. Haitaogelea, lakini manyunyu ya kutoka steji mpaka kwa boda itayastahimili. Na ukimkabidhi mtu wa steji, mwambie kwa mdomo: "Hii ni picha, isikae kwenye buti." Hilo neno moja limeniokoa mara nyingi kuliko stika yoyote.

TUNAPITA WEBUYE TUKILIA KARATASI

Kuna kitu kinanichekesha kwa uchungu. Ukipanda matatu Kitale kwenda Bungoma kwa barabara kubwa, unapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, halafu Webuye. Webuye! Mji uliojengwa na kiwanda cha karatasi. Panpaper ilianza kazi miaka ya 1970, wazazi wetu walijua harufu yake kabla hawajaona mji wenyewe. Ikafungwa 2009, watu wengi wakapoteza kazi, na 2016 ikauzwa kwa kampuni ya Rai. Yaani tuko kwenye barabara ya karatasi kabisa. Halafu kijana wa Bungoma anaagiza boksi la kufungia picha kutoka China, anangoja wiki tatu, na anamwambia mteja kwamba vifaa vya kufungia ni ghali.

Na si vifaa tu. Kuna wale wanapiga picha Kanduyi, wanatuma faili Nairobi zikaprintiwe, zinarudi kwa basi, kisha zinatumwa tena Kimilili. Picha imesafiri kwenda na kurudi zaidi ya kilomita 700 ili imfikie mtu aliyekuwa umbali wa matatu moja. Kuna kazi zinazohitaji maabara kubwa, sikatai, kama albamu nzito za harusi au turubai kubwa za ukutani. Lakini nne kwa sita? Printa nzuri zipo Kitale na zipo Bungoma. Mwenye kuiona kazi ya Nairobi kuwa bora bila hata kujaribu ya hapa, huyo anamlipisha mteja nauli ya dharau yake.

TUMA PAMOJA AU NYAMAZA

Hapa ndipo pesa iko, kwa hivyo soma polepole.

Ukituma bahasha moja leo, moja kesho na moja keshokutwa, kila moja inalipiwa kama mzigo kamili, kwa sababu sako nyingi zina bei ya chini ambayo haishuki hata ukipeleka unyoya. Ukizikusanya, zote zinakuwa mzigo mmoja.

Mimi nina siku mbili. Jumanne natuma upande wa Bungoma, Ijumaa natuma upande wa Kitale. Oda zote zinafungwa siku iliyotangulia. Chukua mfano wa Jumanne ya kawaida: bahasha 12 ndani ya mfuko mmoja, soo mbili kwa matatu. Gawanya 200 kwa 12, kila bahasha inabeba kama shilingi 17. Upande wa pili kuna mtu wa duka ninayemwamini, anapokea mfuko, anamkabidhi kila mteja yake, namlipa mbao kwa kila bahasha. Sasa tuko 37. Kadibodi ni bure, bahasha na selotepu zinachukua zile 13 zilizobaki. Mteja analipa 50. Finje! Na mimi sijapoteza hata shilingi.

Huyo mtu wa duka anaweza kuwa wakala wa M-Pesa, mwenye saluni, au duka la vitabu. Chagua mahali ambapo watu wanapita hata hivyo. Wateja wengi wa vijijini wanakuja sokoni angalau mara moja kwa wiki, na bahasha inaweza kungoja kabatini mpaka siku hiyo bila kumdhuru mtu. Wapiga picha wa zamani, wale wa filamu, walijua hili. Walichukua malipo ya kwanza, wakapeleka filamu kusafishwa, na picha zikarudi siku ya soko zikiwa zote kwenye begi moja. Hawakuwa na intaneti, lakini walijua kukusanya.

Huna oda 12? Jirani yako anazo nne, na yule mnayetusiana naye kwenye TikTok anazo tano. Wekeni mfuko mmoja. Ninajua mnaogopana, kila mtu anadhani mwenzake ataiba wateja. Kwa sasa mnachogawana ni zile "wacha tu", na nyote mnazo za kutosha.

Mtu atasema, "Wateja wangu wanataka leo leo." Sawa, mpe chaguo mbili, zote zikiwa na bei: Jumanne kwa 50, au leo kwa bei kamili ya mzigo wake peke yake. Nimegundua kwamba watu wenye haraka wanapungua sana wakiona hizo bei mbili zimekaa pamoja. Na wale wa mazishi, ambao haraka yao ni ya kweli, hao wahudumie siku hiyo hiyo na usiwaongezee hata senti juu ya bei ya matatu.

Na bei iandike. Tafadhali. Hii mambo ya "njoo inboksi" ndiyo inaua imani. Mteja anaona picha 300, moyo unafurahi, anaingia inboksi anakutana na 450 nyingine imejificha kama mwizi nyuma ya mlango. Andika wazi kwenye ukurasa wako: picha kiasi hiki, kufikisha kiasi hiki, siku fulani, mahali fulani.

SAKO NA POSTA, MSIDHANI NIMEWASAHAU

Nimesema shida kubwa ni sisi. Sijasema ni sisi peke yetu.

Sako za matatu, wekeni bei ya bahasha. Kitu bapa kisichofika gramu 250 kisilipe sawa na katoni ya vifaranga. Tangazeni hiyo bei ukutani, mtoe risiti yenye nambari, na muandike gari gani limebeba. Mtapata bahasha nyingi kila siku ambazo hazili nafasi ya abiria hata mmoja. Hiyo ni pesa mnayoikataa.

Na Posta. Kizazi chetu kinajua S.L.P. kutoka kwa barua rasmi za insha tu, Kitale 30200, Bungoma 50200, unaandika kona ya juu kulia ili upate alama. Wengi hatujawahi kuingia ndani. Lakini ofisi zipo, na kuna huduma ya Mpost inayogeuza nambari yako ya simu kuwa anwani ya posta, yaani huhitaji kurithi sanduku la babu. Kwa barua bapa za gramu 80, hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kulitupa. Ingia, uliza bei ya bahasha kwa uzito wake, linganisha na steji yako. Posta nao wajue kwamba vijana hawatakuja kama bei haipatikani mahali popote mtandaoni na lazima upange foleni ndipo uambiwe.

"LAKINI SI UTUME TU WHATSAPP?"

Hili swali linakuja kila mara, kwa hivyo nilijibu kabla halijaandikwa.

WhatsApp inabana picha ikishuka ubora, usipochagua kuituma kama faili. Simu inaibiwa. Simu inaanguka chooni. Simu inajaa, unafuta, na unachofuta kwanza ni picha za mwaka juzi. Na hata kama hayo yote hayatakupata wewe, mfikirie kukhu wako mwenye simu ya kubonyeza. Ukuta wa sebule yake una picha ngapi? Harusi, mahafali, Kuka akiwa kijana na suruali pana. Sasa hesabu picha za miaka mitano ya mwisho kwenye huo ukuta. Kwa nyumba nyingi nilizoingia, hakuna hata moja. Wajukuu wamezaliwa, wamefanyiwa sherehe, wako kwenye simu za watu wengine. Yeye hana. Na hana kwa sababu ya bei ya boksi.

KITU CHA MWISHO KUHUSU VIDEO ZENU

Mnaopenda kurekodi mkifunga oda: acheni kuonyesha sura za wateja na nambari zao za simu. Nimeona video moja, jina, nambari, kijiji na picha ya mtoto, vyote wazi kwenye meza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha ya mtu ni data yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa sababu ya kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Wewe ukipigwa hata robo ya hiyo, utauza kamera, printa na mizani ya mama. Omba ruhusa au rekodi mikono yako na kadibodi.

Basi, nimemaliza kelele. Kazi ya wiki hii ni hii: pima picha zako. Andika bei ya kufikisha mahali kila mtu anaiona. Tafuta wenzako wawili mshirikiane mfuko mmoja. Halafu mrudie mteja wa mwisho aliyekuambia "wacha tu", umpe bei mpya. Mimi nimeshamwandikia yule dada wa Chwele, nikamuunganisha tena na mpiga picha wake. Picha 300, bahasha 50, wamekubaliana. Zinaondoka kwenye mfuko wangu.

Na Mayi wa Kimilili? Niliprinti upya picha ya mzee, nikaiacha ikauke siku mbili, nikaipeleka mwenyewe kabla ya ukumbusho wa mwaka. Iko ukutani. Lakini ukumbusho si mazishi, na mimi najua hivyo kila ninapokata kadibodi.

Jumanne saa mbili asubuhi niko steji. Mwenye bahasha ya upande wa Bungoma alete Jumatatu jioni, ikiwa kavu na imefungwa. Utepe ubaki nyumbani.